Moto Nilioutoa Jumamosi

Juzi asubuhi alikuja mtoto wa jirani, miaka saba hata sidhani kama anayo, ameshika mfuniko wa sufuria uliopinda, akasimama mlangoni.

"Shikamoo bibi. Mama anasema anaomba moto."

Nilikuwa nimewasha jiko la mkaa, limekolea vizuri, maharage yako juu. Siku hizi hapa Mpanda mjini watu wana gesi, lakini gesi ikiwaishia wanarudi kwenye mkaa kama sisi, na kiberiti ndani hakuna. Ni jambo la kawaida kabisa mtu kuomba moto. Lakini nilisimama na koleo mkononi nisiweze kuinama. Mtoto akanitazama.

"Bibi, mgongo unauma?"

Nikamwambia ndiyo, mgongo. Nilisema uongo. Haukuwa mgongo.

Nawaandikia nyie wa rika langu, maana vijana nikiwaeleza mambo haya wanacheka kabla sijafika katikati. Shule nilikaa madarasa mawili tu, kusoma nilijifunzia katekisimu, kwa hiyo nikipotea njiani mnivumilie. Nitarudi.

Kwetu ni upande wa Inyonga, ndani kabisa ya miombo, katika kijiji walimokusanywa watu kwa sababu ya malale, ugonjwa wa mbung'o. Baba alikuwa mrina asali. Mtu akisikia asali anafikiria utamu. Mimi nikisikia asali inanijia kwanza harufu ya moshi, halafu nta, halafu jasho la baba kwenye shuka yake. Nta ilikuwa inayeyushwa, inachujwa, inamiminwa kwenye bakuli, na ikiganda tunaita mkate wa nta. Ndiyo maana nilipofundishwa Baba Yetu, ule mkate tunaouomba kila siku, mimi nilijua ni mkate wa nta. Wa ngano nilikuwa sijauona. Nikajiuliza, Mungu atupe nta kila siku ya nini, wakati ukiitafuna inakwama kwenye meno? Nikajijibu kwamba ni ya mishumaa ya kanisani. Nikaridhika kabisa. Mpaka leo nikifika hapo kwenye sala nasikia harufu ya nta, Mungu anisamehe.

Haya, narudi.

Nyumbani tulikuwa wanne. Baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi. Wawili waliokuwa mbele yangu walikufa wachanga. Mama tulimwita mayu, kama wote wa kwetu. Mayu alikuwa amefuata dini ya mapadri, amebatizwa, anavaa medali shingoni kwa uzi mweusi. Mimi nilikuwa nafundishwa, bado sijabatizwa, jina langu lilikuwa Kalunde tu, la mawingu, kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha. Bibi alikuwa hataki hata kusikia habari ya dini. Baba alikuwa katikati: Jumapili anasali, Jumatatu anafanya ya mama yake.

Na kweli aliondoka Jumatatu. Kiangazi kile alikwenda porini peke yake, maana mwenzake aliyekuwa akifuatana naye miaka yote alikuwa ameshakwenda kufanya kazi kwenye mgodi wa Mpanda. Asubuhi ile baba alizima moto wa zamani, akapekecha moto mpya kwa vijiti, akauweka kati ya mafiga matatu, akafunga kamba zake na shoka na vibuyu, akasema, "Mwezi ukiandama nitakuwa nimerudi." Akaenda bila kugeuka nyuma. Mrina asali hageuki.

Moto ule sasa ndio mambo yote. Kwa wazee wetu, moto alioacha mrina asali ni yeye mwenyewe. Usizimike, na usitoke nje ya nyumba. Akija mtu kuomba, ananyimwa, awe nani. Bibi alinieleza akinionyesha mikono yake miwili, ameikunja kama mtu anayepanda mti.

"Mke mwenzangu," aliniita hivyo siku zote, kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike, "ukimgawia mtu moto, umemgawia na mikono ya baba yako. Kule juu kamba inamtoka. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Na kucheka kwa sauti hakuna. Kujipaka mafuta hakuna. Kugombana hakuna. Nyuki wanasikia."

Mayu alikuwa anasaga mtama kwenye jiwe, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, moto nitautunza, maana kuupekecha ni kazi. Lakini kucheka sitaweza kuacha. Mungu alinipa mdomo wenyewe uko hivi."

Bibi akasonya. Mayu akaendelea kusaga na kuimba. Lazima niwaambie kuhusu mayu na kuimba. Hakuwa na sauti nzuri, jamani, tusidanganyane. Ilikuwa inakwaruza. Lakini aliimba akisaga, akifagia, akichambua mboga, na alipomaliza kusonga ugali alichora msalaba juu yake kwa mwiko, kisha anauangalia, anacheka kidogo peke yake kama mtu aliyepewa zawadi. Nilikuwa namwuliza, "Mayu, unacheka nini?" Anasema, "Si uone, tumepata na leo." Dini yake nzima ilikuwa hapo kwenye chungu. Mimi wakati ule nilidhani dini iko kwa mwalimu, kwenye maswali na majibu.

Jumamosi ya wiki ileile mayu alikwenda kuchimba mihogo, bibi akaenda kuokota kuni. Nikaachwa kulinda moto. Asubuhi za kiangazi kwetu zina baridi ya kukata, nikawa nimejikunyata karibu na mafiga. Nikasikia hodi.

Alikuwa Binti Saidi. Huyu alikuwa mama mtu mzima, Mwislamu, mjane wa mfanyabiashara wa chumvi aliyefia hapo kijijini, naye akabaki, hana mtoto, hana ndugu. Alikuwa amejifunga kanga mbili na juu yake gunia, meno yanagongana, homa imemshika. Mkononi ana kigae cha chungu.

"Mjukuu wangu, moto wangu umezimika tangu jana. Nimekwenda kwa akina Mashaka hawapo. Nipe kaa moja tu."

"Bibi amekataza," nikasema.

"Amekataza nini?"

"Baba yuko porini."

Aliijua desturi, alikuwa ameishi nasi miaka mingi. Akasema, "Haya mwanangu. Haya, usijali," akageuka. Na mimi ningenyamaza yangekwisha. Lakini mwalimu wa dini alikuwa ametufundisha Jumapili iliyopita kwamba anayekuja mlangoni na shida, huyo ni Yesu. Nikamtazama Binti Saidi mgongoni, na gunia lake, na miguu imepasuka. Nikawaza, Yesu atakujaje kwetu na gunia la chumvi? Lakini nikawaza tena, kama ni yeye je? Nitamwambiaje siku ya kubatizwa, kwamba nilikunyima moto?

Nikamwita. Nikachukua kaa kwa vijiti viwili, nikaliweka kwenye kigae. Mikono yake ilitetemeka, likaanguka chini. Nikaliokota kwa vidole, haraka, nikalirudisha. Kidole hiki cha shahada kikaungua, alama bado iko. Akasema, "Mungu akuongezee," akaenda akiukumbatia moto kama mtoto mchanga.

Nikabaki pale. Hapo ndipo nilipoikumbuka mikono ya baba. Nilifukia mahali nilipotoa kaa, nikasawazisha majivu kwa kiganja, nikaficha kidole kwenye nguo.

Kesho yake Jumapili, baada ya sala, mwalimu akatuweka chini kwenye kigango chetu, kanisa dogo la udongo, akafundisha habari za dhambi. Ziko dhambi nyepesi, akasema, na iko dhambi ya mauti. Nilisimamisha masikio. Dhambi ya mauti! Mimi nilivyoelewa, ndiyo hiyo: dhambi inayomletea mtu mauti. Kuna mtu atakufa. Mwalimu akaeleza kwamba inakuwa ya mauti kama jambo lenyewe ni kubwa, na mtu akijua ni kubwa, na akalifanya kwa kutaka mwenyewe. Nikahesabu. Jambo ni kubwa, bibi alisema. Nilijua. Nilimwita mwenyewe arudi. Hakuna hata moja niliyoponea.

Nikanyoosha mkono, ule usio na kidole kilichoungua.

"Mwalimu, dhambi ya mauti huua baada ya siku ngapi?"

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa mtu wa kukunja uso. "Siku? Hakuna siku. Papo hapo. Ukiisha kuifanya tu, imeshaua."

Jamani. Alikuwa anasema habari za roho. Mimi nilimwona baba amelala chini ya mti, nyuki wanamtembelea usoni, tangu jana saa ile kaa lilipoingia kwenye kigae.

"Na anaweza kurudi?"

"Nani?"

"Aliyekufa. Kwa dhambi hiyo."

"Kwa kuungama anarudi," akasema. "Anakuwa mzima tena kabisa."

Nikapata nguvu. "Basi mimi nataka kuungama."

"Wewe?" Sasa na yeye akacheka. "Wewe hujabatizwa, utaungamaje? Subiri padre aje mvua zikianza, ubatizwe kwanza."

Mvua zikianza! Na hapo ni katikati ya kiangazi, majani yenyewe yamekauka mpaka yanalia ukiyakanyaga. Sijui kama mmewahi kuwa na miaka minane au tisa na mkajua mmeua mtu, na dawa iko mbali miezi yote ile. Nilitembea kurudi nyumbani nikimtazama mayu mgongoni. Alikuwa anaimba.

Siku zikaenda. Mwezi ukaandama, baba hakurudi. Bibi akawa anakaa nje na kigoda chake, amegeukia njia ya porini, hali mpaka abembelezwe. Mimi nikaanza kutafuta namna ya kupunguza. Niliacha kucheza. Niliacha kuongea. Mayu alinipa kipande cha sega, kile cha kutafuna, kilichobaki kibuyuni, nikakataa. Akacheka, nami nikamziba mdomo kwa mkono.

"Mayu, usicheke!"

"Haa! Na wewe umekuwa mama mkwe wangu?" Akanishika mashavu. "Mbona umejikunja hivi kama kobe? Unaumwa wapi?"

"Usicheke tu. Baba."

Akaniambia neno ambalo nimelishika hadi leo. "Kalunde, nyumba ikiwa haina kicheko, baba yako akirudi ataijuaje kuwa ni kwake? Atapita."

Nikataka kumwambia. Nilifungua mdomo. Nikaufunga, maana nikimwambia baba hatarudi, na ni mimi, nani atachora msalaba kwenye ugali tena?

Sasa ndipo ikaja siku ya kisimani. Bibi alikwenda kuteka maji asubuhi, akarudi mapema. Akasimama mlangoni, mtungi uko kichwani, hautui. Nikajua. Bibi akiwa na hasira alikuwa hatui mzigo.

"Mke wa mwanangu," akamwambia mayu. Sauti ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo mbaya. "Nimemkuta Binti Saidi kisimani. Amepona. Ananishukuru. Anasema bila moto wa kwetu angekuwa amekufa kwa baridi. Moto wa kwetu!"

Mayu akaacha jiwe.

"Nani alitoa moto?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mafiga. Nilivuta mkono nyuma. Mayu aliuona ule mkono ukivutwa, akaona kidole, lengelenge limeshapasuka, ngozi imekunjamana. Nilimwona akiona. Alikitazama kidole, akanitazama machoni, halafu akamgeukia mama mkwe wake.

"Moto wa mafiga haya ni wangu, mama. Uniulize mimi."

"Nakuuliza wewe! Umempa?"

"Umetoka nyumbani kwangu. Wa kuulizwa ni mimi."

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kama siku ile alidanganya. Akasema, "Nilidanganya wapi? Kumbuka maneno yangu." Na kweli, yachambueni, hakuna uongo ndani. Lakini bibi hakuchambua. Mtungi ukatua, maji yakamwagika nusu.

"Mimi nilizaa saba," bibi akasema. "Nimezika sita. Huyu ndiye aliyebaki, nawe umemgawa kwa kigae. Ni hiyo medali yako. Sikiliza. Mwezi ukifika nusu mwanangu hajaingia mlango huu, utachukua medali yako na nguo zako urudi kwenu. Mtoto anabaki."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini? Hata hulii?"

"Nikilia atarudi?"

Bibi akatoka nje. Mayu akakaa chini. Unga ulikuwa umemganda mpaka kwenye viwiko. Nilingoja anipige, na ningefurahi. Akanivuta, akakishika kidole changu, akakipaka asali, akakifunga kwa kipande cha nguo.

"Kinauma?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Yeye akarudi kwenye jiwe, akashika mtama, na jamani, akaanza kuimba. Sauti ilikatika mara mbili. Mara ya tatu ikashika.

Mnaona ule mwezi, nilikuwa nauangalia kila jioni kama mtu anayetazama mjusi ukutani. Leo umenenepa kidogo. Kesho umenenepa tena. Nilijaribu kuupunguza kwa macho. Mayu alifunga vitu vyake: kanga moja, rozari yake ya mbegu nyekundu aliyoitunga mwenyewe, kisu. Kifurushi kikawekwa pembeni ya mlango, kidogo kama cha mtu anayekwenda kisimani. Na kila siku alipika, akachora msalaba, akasema, "Tumepata na leo," akamtengea bibi wa kwanza, kwa magoti, kama kawaida. Bibi anakula bila kumtazama. Siku moja alibakiza kipande chenye msalaba. Mayu akakichukua akanipa mimi, akisema, "Basi huu ni wako, una bahati." Akacheka. Bibi akashtuka, na mimi nikashtuka, tukatazamana bibi na mimi, sura zetu zimefanana kwa hofu. Hapo niliona kwamba mle ndani wawili tulikuwa wa dini moja, bibi na mimi. Mayu peke yake alikuwa wa nyingine.

Mwezi ulipobakiza kidogo tu ufike nusu, asubuhi, mayu anasaga, anaimba, mbwa akabweka njia ya porini. Wakatokea watu wawili, weusi kwa vumbi, wamebeba machela ya miti na magome begani. Walikuwa wapasua mbao wa huko kwenye miti ya mininga. Juu ya machela kuna shuka ya baba. Mimi sikusogea. Nilijua ni maiti, na nilijua imeuawa na nani.

Shuka ikasema, "Nani huyo anasaga kwa kelele hivyo?"

Mayu akaruka jiwe. Sijui alifikaje. Baba alikuwa mfupa na ngozi, mguu wa kulia umefungwa kwa vipande vya mti, ndevu zimemjaa. Mayu alimshika kichwa, analia na kucheka mara moja, uso mzima unga. Baba akasema, "Tangu kule mbugani nawaambia hawa, twendeni tu, hapo ni kwangu, sauti mbaya hivyo ni ya mke wangu." Wapasua mbao wakacheka mpaka machela ikayumba.

"Mnaniangusha mara ya pili!" baba akapiga kelele.

Bibi hakucheka. Alikuwa amemshika mwanawe mkono, anaubonyeza kama anakagua muhogo. Akauliza lile alilokuwa nalo moyoni.

"Ulianguka siku gani?"

"Ah, mama, hata salamu?"

"Siku gani!"

Baba akafikiri. "Nilifika Jumatatu jioni. Jumanne nikajenga kibanda. Jumatano nikapanda mti wa mzinga wa kwanza, huohuo, kamba ikakatika. Kamba yenyewe nilijua imechakaa. Nikakaa chini pale na asali yangu na nzi mpaka hawa wakasikia nawatukana nyuki. Wakanipeleka kambini kwao, wakanilisha mpaka nikaweza kubebwa."

Jumatano! Nilihesabu kwa vidole, nikirudia, kidole kilichofungwa nguo kikiwa ndicho Jumamosi. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Baba alikuwa ameshaanguka siku tatu nzima kabla Binti Saidi hajapiga hodi. Kitu kikafunguka kifuani, nikaruka nikapiga kelele mbele ya wote.

"Basi siyo mimi! Siyo mimi! Mimi nilitoa Jumamosi!"

Baba hakuelewa kitu. Bibi akanigeukia polepole, akakitazama kidole changu, kisha akamtazama mayu, kisha kifurushi kile pale pembeni ya mlango. Nilifikiri sasa tumepona, mayu atafurahi, atasema umeona, mtoto wangu hana kosa. Nikamkimbilia.

Mayu alichuchumaa tukawa uso kwa uso. Hakuwa anacheka sasa.

"Na kama angeanguka Jumamosi?" akaniuliza. Kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia.

Nikakirudisha kidole nyuma.

"Binti Saidi amesimama hapo na homa yake, na baba yako yuko juu ya mti, siku ileile, saa ileile. Ungefanyaje?"

Nikaanza kulia. Nikasema, "Sijui, mayu."

"Ungempa," akasema. "Ungempa tu, mwanangu. Na baba tungemwomba kwa Mungu, maana moto tunao sisi, lakini baba yako yuko mikononi mwake." Akanifuta kamasi kwa kanga. "Haya, kachochee. Hawa watu wamebeba mzigo mzito, watakula."

Bibi alikuwa bado amesimama. Mwisho akainama, akachukua kile kifurushi, akakifungua mwenyewe, akaitundika kanga ya mayu kwenye kamba, na ile rozari akaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika nyoka, akaiweka mahali pake juu ya ukuta. Akasema, bila kumtazama mtu, "Lakini kumbe homa ya Binti Saidi ilipona." Basi. Samahani nyingine kwake hatukuisikia. Na dini hakufuata, nisiwadanganye. Mguu wa baba ulipopona kwa kuchechemea, kiangazi kingine alikwenda tena porini, na bibi alitunza moto kama zamani. Ila mimi hakuniacha tena niulinde. Alisema huyu mke mwenzangu, akipita hata fisi anatetemeka, atampa.

Mvua zilipoanza padre alikuja, nikabatizwa. Habari ya dhambi ya mauti nilikuja kuielewa nikiwa na watoto wangu, na nilicheka peke yangu shambani.

Sasa mnajua kwa nini juzi nilisimama na koleo. Mwanangu wa mwisho anaendesha lori la tumbaku. Aliondoka siku tatu kabla, akasema akifika atapiga simu. Hajapiga. Ukimpigia, hapatikani. Na huyu mtoto naye anakuja na mfuniko. Miaka yote hii, jamani, sala zote hizi, bado mkono ulitaka kujificha kwenye kanga vilevile.

Nikainama. Nikachagua kaa kubwa kuliko yote, jekundu mpaka ndani, nikaliweka kwenye mfuniko, na la pili juu yake.

"Bibi, mgongo umepona?" mtoto akauliza.

"Umepona. Nenda, usikimbie."

Nikapika ugali, nikauchora msalaba. Nilikula peke yangu. Simu iko hapa mezani karibu na daftari, mpaka naandika mstari huu haijalia. Leo asubuhi mtoto amekuja tena na mfuniko wake uliopinda. Sikungoja aseme hodi.